Nati Iliyotafunwa

Usiku ule nililala na pea mbili za habu chini ya kitanda, na hakuna hata moja niliyokuwa naiamini.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye kizingiti cha watu, daftari gotini. Leo nina muda, jambo ambalo si kawaida yangu. Kwa nini ninao, nitafika huko.

Kwanza habu zenyewe. Jumatatu naanza kubeba maziwa ya majirani kutoka huku kwetu mlimani hadi kwenye tangi la kupozea kule mjini. Fremu ya baiskeli ninayo, aliniachia mjomba alipohama. Ringi ninazo, spoki ninazo. Bado habu tu. Habu ni kile chuma cha katikati ya gurudumu ambapo spoki zote zinashikilia. Ndani yake kuna ekseli, na ekseli inazungukiwa na gololi, na kila upande kuna kikofia cha chuma kinachozibana hizo gololi, mafundi wanakiita koni. Kitu kidogo, kinaenea kiganjani. Lakini njia yetu ya mjini inapita mteremko wa Kaza Moyo, na ukiushuka na madumu ya maziwa nyuma, hicho cha kiganjani ndicho kinachoamua kama utafika.

Kulwa hakufika.

Kulwa na Doto ni mapacha. Nimesoma nao tangu darasa la kwanza mpaka kidato cha nne, na kwa kuwa mimi naitwa Tatu, walimu walikuwa wanatuita kwa mkupuo mmoja kama wanahesabu: Kulwa, Doto, Tatu, njooni mbele. Tukaitikia hivyo mpaka tukazoea. Kulwa ndiye aliyekuwa anabeba maziwa haya haya ninayotaka kubeba mimi. Mwaka jana, wakati wa mavuno ya mahindi, gurudumu lake la mbele liligoma katikati ya Kaza Moyo. Lilisimama ghafla kama limeshikwa na mtu, yeye akarushwa mbele kwenye mawe.

Doto ndiye fundi wa baiskeli wa kijiji kizima. Au alikuwa. Tangu mazishi hajashika spana. Kibanda chake kimefungwa, na watu wenye pancha wanasukuma baiskeli mpaka mjini wakilalamika njia nzima. Zamani ulikuwa unakaa pale kibandani kusikiliza matusi yake tu. Koni zake alikuwa anazifunga kwa spana nyembamba alizozichonga mwenyewe, na ukimsogelea na spana malaya, ile ya kupanua na kubana inayoingia kila nati, anakutukana wewe na waliokuleta. "Toa hilo dude hapa! Linatafuna nati kama mbuzi!" Kulwa alikuwa anaileta makusudi, ili acheke.

Basi jana jioni Doto akaja kwetu. Amekonda, macho mekundu. Akakaa kwenye kigoda bila kuegemea ukuta.

"Nasikia unasuka magurudumu."

"Nasukiwa," nikamwambia. "Kuna fundi mjini."

"Una habu?"

Nikamtolea zangu, mpya, bado zinang'aa. Nikashika ekseli, nikaizungusha moja mbele yake. Ilizunguka weee, karibu igome kusimama. Nilikuwa nimezichagua hivyo hivyo dukani: nilizungusha zote, nikachukua iliyochelewa kusimama.

Doto akaitazama kama mtu anayesikiliza uongo.

"Haina grisi hiyo. Wametia mafuta ya cherehani ili ikuchezee mkononi. Ukishuka nayo wiki mbili utasikia inalia."

"Kwani wewe umeifungua?"

"Siifungui. Naisikia." Akatoa kifurushi kwenye mfuko wa plastiki. Ni shati la shule la Kulwa, limefungwa fundo. "Chukua hizi. Zake."

Nilishtuka. Nilijua magurudumu yale baba yao alimpa mtu akate spoki, akatoa habu zote mbili, akazifunga, akaziweka juu ya kabati. Sikujua kama kuna mtu aliwahi kuzigusa tena. Na hata Doto hakuzigusa, maana fundo lilikuwa na vumbi. Hakulifungua.

"Zilikuwa nzima?" nikauliza.

Akakunja ule mfuko wa plastiki mtupu.

"Haya, wewe ndiye utanisukia?"

"Hapana. Tafuta mwingine." Akasimama, akamuaga mama, akaondoka.

Mama alisubiri afike barabarani. "Mtu anakupa chuma kilichomuua ndugu yake, halafu anakataa kukifunga kwa mkono wake. Wewe unaona ni sawa?"

Sikuona ni sawa. Nilifungua lile fundo peke yangu. Habu ya nyuma haina neno. Ya mbele, matope ya Kaza Moyo bado yameganda, na nati ya upande wa kushoto imetafunwa, kona zote zimelika. Nikasema, haa. Hii imeguswa na mtu asiyejua kazi, au na mtu aliyejua na akataka iharibike. Nilikaa na wazo hilo mpaka likanitisha. Kwa nini anataka nipande na habu hii? Anataka kuitoa nyumbani kwao? Anataka nijaribu mimi, aone? Na kama si hivyo, kwa nini hakunijibu?

"Leo utamwota marehemu," mama aliniambia nilipokuwa naingia kulala. "Akikupa kitu usipokee mkononi. Na usimfuate."

Nikamwota kweli.

Nilikuwa nimesimama nje ya kibanda cha Doto, na kibanda kiko wazi. Matairi ya zamani yananing'inia mlangoni kama kawaida. Ndani kuna mtu amenipa mgongo, anasuka gurudumu, anaingiza spoki moja, anaivuta, anaingiza nyingine. Hapakuwa na sauti. Spoki ikigonga ringi inalia tink, kila mtu anajua. Hii hailii.

Mgongo ule naujua. Shida ni kwamba naujua mara mbili. Wale walifanana mpaka mama yao alikuwa anaita majina yote mawili na kumchapa atakayetokea.

"Hodi," nikasema.

"Tatu. Unapiga hodi tangu lini?"

Akageuka. Sura ile. Nikatazama chini nione kama ana kivuli, lakini jua liko utosini, saa sita mchana, hakuna mwenye kivuli, hata mimi. Nikaona kipimo hicho hakifai.

"Doto, acha utani," nikamwambia.

Akacheka kwa pua. "Mtu amekuja kutoka mbali, anaitwa jina la mdogo wake."

"Hata Doto anaweza kusema hivyo."

"Anaweza."

Hapo nikazidi kumshuku. Mtu mkweli si angekasirika? Nikakumbuka kipimo kingine. Kulwa alikuwa anapima habu kwa meno. Anang'ata ncha ya ekseli, anazungusha habu kwa vidole, na kama ndani kuna gololi mbovu au mchanga anausikia kwenye taya. Alinifundisha hata mimi, na mama alinichapa kwa kurudi nyumbani na grisi mdomoni. Doto hang'ati, Doto anaweka sikioni. Basi nikamwonyesha kwa kidole ile habu ya mbele, ambayo sasa iko juu ya benchi, sijui imefikaje.

"Ipime."

Akaichukua. Anaizungusha taratibu. Anaiweka sikioni.

Nimekukamata, nikasema moyoni. Ni Doto huyu. Amekuja mpaka kwenye usingizi wangu kunibembeleza nipande na chuma chake. Nikarudi nyuma hatua, natafuta mlango, na mlango haupo, kuna matairi tu.

"Meno ya kung'atia sina tena," akasema. "Ng'ata wewe."

Alinyoosha mkono na habu, mimi nikaficha mikono yangu nyuma. Akanitazama, akaelewa, akatabasamu.

"Mama yako hajambo," akasema. Akaiweka habu benchini na kuisogeza kwa kidole mpaka ukingoni.

Naichukua mwenyewe. Naing'ata. Ni chumvi, ni grisi ya zamani, ni udongo. Naizungusha na taya langu linasikia chenga, chenga, kama wali wenye mchanga.

Nikiinua kichwa tuko darasani. Kidato cha nne, dawati letu la nyuma, mvua inapiga mabati mpaka mwalimu amekata tamaa na kutoka. Kulwa yuko kushoto kwangu amevaa lile shati, lile lile lililokuwa kwenye fundo, na lina mikunjo ya fundo. Upande wa kulia, ambako Doto alikuwa anakaa, hakuna mtu. Nafasi tupu.

"Doto yuko wapi?" nauliza.

"Hilo ndilo nililokuja nalo."

"Umekuja na nini? Sema." Mimi na subira hatujawahi kujuana, hata ndotoni. "Sema basi, Kulwa, ni nani aliyeitafuna hii nati? Ni yeye?"

Naona aibu kuandika kwamba nilitaka aseme ndiyo. Nilikuwa nimeshaipanga kesi yote. Kinywa changu kilikuwa na grisi na nilitaka kusikia jina.

Yeye anachora kwenye dawati kwa msumari. Anachora duara, na katikati ya duara kijiduara. Mvua inakatika ghafla. Ukungu unaingia kwa madirisha, unafunika madawati, na madawati yakifunikwa yanakuwa mawe ya pembeni ya njia. Tuko juu kabisa ya Kaza Moyo, asubuhi. Baiskeli yake ina madumu nyuma, maziwa yanacheza ndani. Natamani kugeuka niondoke, miguu haitaki.

Kulwa ameinama mbele. Ameshika ringi ya mbele, anaitikisa kulia na kushoto. Inacheza kidogo, kidogo tu, kama jino la mtoto ambalo bado halijaamua.

"Unaona?" anasema, lakini hasemi na mimi. Anasema na ile asubuhi. "Doto ameiacha inacheza."

Namjibu, sijui maneno nimeyatoa wapi: "Ameiacha makusudi. Ukibeba mzigo na ukikaza nati za nje, inabana yenyewe, huo ulegevu unakwisha. Si ndivyo anavyofunga siku zote?"

"Ndivyo. Alinieleza jana yake." Anajipapasa mfukoni. "Ila nilikuwa na haraka, na kitu kinachocheza mimi kinaniudhi."

Pembeni ya njia yupo muuza mkaa, uso wake umefunikwa na ukungu, mkono wake tu ndio unaonekana, na mkono una spana malaya. Kulwa anaipokea. Napiga kelele, kelele haitoki. Anaiweka kwenye nati ya kushoto. Inateleza. Anaiweka tena. Inatafuna kona moja, inateleza, inatafuna nyingine. Koni anaibana mpaka mwisho, na nati ya kuizuia haikai vizuri kwa sababu imeshaharibika. Anatikisa ringi. Haichezi tena. Anafurahi. Nilimwona anafurahi, anafuta mikono kwenye suruali, anarudisha spana kwa ule mkono kwenye ukungu na kusema asante mzee.

"Ikajikaza yenyewe njiani," ananiambia, na sasa anasema na mimi. "Kila mzunguko, kidogo, kidogo. Gololi zikakosa pa kwenda."

Nimekaa chini kwenye jiwe. Bado namshuku. Niseme ukweli, hata pale bado namshuku. Najiambia pengine ndivyo wafu wanavyowatetea ndugu zao, damu ni damu.

"Na hiyo inanihusu nini mimi?" nikamwuliza.

"Doto anadhani ni mkono wake. Aliifunga usiku, mimi nikaanguka asubuhi. Mwambie mkono wa mwisho kwenye ile nati ulikuwa wangu."

"Mbona humwambii mwenyewe? Una njia ya kuja kwangu, ya kwenda kwa pacha wako huna?"

Hapo nikaona uso wake ukichoka, uchovu ambao sikuwahi kuuona akiwa hai.

"Naenda kila siku, Tatu. Nafika mpaka kitandani. Halali yule."

Nikasimama kutoka kwenye jiwe.

Akapanda baiskeli. "Habu ni nzima," akasema, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo mlangoni. "Ni koni ya kushoto tu na gololi. Aibadilishe yeye, si fundi wa mjini. Yule wa mjini hanyamazi wakati anafunga, atakosea." Akacheka kwa pua. "Na zile zako mpya mpe mtoto achezee gari."

"Nitajuaje kama hunidanganyi?"

"Matope," akasema.

Akaachia breki. Nikaruka kushika keria yake, vidole vyangu vikagusa chuma, baridi, na nikasikia sauti ya mama, usimfuate, nikaachia. Anashuka bila kupiga pedali. Gurudumu la mbele linazunguka, spoki zinamezwa na ukungu, na halilii, halilii kabisa, mpaka nikabaki natazama njia tupu.

Nikaamka taya linaniuma kama nimetafuna mfupa. Nje kweupe, mama anafagia.

Sikunawa hata uso. Nilivuta lile shati kutoka chini ya kitanda, nikaitoa habu ya mbele, nikaipeleka dirishani. Matope. Jana nilikuwa nimeyaona na nikayapita, maana nilikuwa natafuta mtu wa kulaumu na sikuwa natafuta matope. Yale matope makavu yako juu ya makovu ya nati. Yamejaa ndani ya kona zilizotafunwa. Kwa hiyo nati ilitafunwa kabla ya kuanguka, si baada, na si na yule aliyekata spoki. Na kutafunwa kule ni kwa spana malaya, hata mimi najua. Doto angekata kidole chake kwanza.

Kuna mtu atasema nilishayaona yote hayo jana kwa macho yangu, kichwa kikayapanga usiku na kuazima mdomo wa Kulwa. Inawezekana. Nimeliwaza hilo njia nzima nikija huku nakimbia, habu kwenye kanga, mama ananiita nyuma nirudi nioge. Lakini hilo la kutolala sikuwa nalijua. Hilo sikuliona popote.

Doto alikuwa amekaa nje kwao, ukutani, amejifunika blanketi, ametazama barabara. Hakuonekana kama mtu aliyeamka mapema. Alionekana kama mtu ambaye hajaenda kulala.

"Shikamoo, mama Kulwa," nikamwamkia mama yake aliyekuwa anapepeta mchele.

"Marahaba, mwanangu. Huyu mwulize wewe, labda atakujibu. Tangu ule msiba analinda nyumba kama askari."

Nikachuchumaa mbele ya Doto. Nilitaka kumweleza kwa mpango, kwanza hiki, pili kile, nikashindwa, nikamwekea habu mapajani.

"Angalia nati."

"Sitaki kuiona, Tatu."

"Angalia nati, Doto, usinichoshe!"

Akaangalia. Nilimwona akitaka kutazama pembeni na jicho la fundi likakataa. Akakwangua tope kwa ukucha. Akakwangua tena. Akaigeuza kwenye mwanga.

"Spana malaya," akasema polepole.

"Nani alikuwa na haraka siku zote? Nani alikuwa hawezi kuacha kitu kinachocheza?"

Nikampa ujumbe wa Kulwa kama alivyonipa ndotoni, sikuongeza wala kupunguza: mkono wa mwisho kwenye ile nati ulikuwa wangu. Mama yake aliacha kupepeta.

Doto alizungusha ukucha ndani ya lile kovu la nati. Halafu akasema, "Mbuzi huyu," na sauti ikamkatika. "Nilimwambia. Nilimwambia, mama, nilimwambia aiache icheze." Alilia mbele yetu bila kujificha. Alipomaliza alifuta pua kwa blanketi na kunitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Koni ya kushoto imekufa hii. Ninayo nyingine kibandani." Akapiga mwayo. "Ngoja nijinyooshe kidogo, halafu twende tukafungue."

Akaingia ndani.

Hiyo ilikuwa asubuhi. Sasa jua liko utosini, na mama yake amekuja hapa kizingitini akinyata, kanga mdomoni, kuniambia kwa mnong'ono kwamba Doto anakoroma. Ameniuliza kama amwamshe, kwa sababu ya magurudumu yangu. Jumatatu iko karibu, majirani wananitegemea, na fundi wa mjini angekuwa ameshamaliza.

Nimemwambia amwache. Kuna mtu anamsubiri kule ndani ya usingizi.